Tulimpeleka Mwenye Kelele

Nambie wewe uliyekaa hapo: nina mpangaji ambaye hajalala tangu nizaliwe, na siku akilala yeye, mimi siamki tena. Nani huyo? Usiniambie saa. Saa yangu imelala mwezi wa tatu sasa, na mimi bado nakula. Ni moyo.

Na mimi, na darasa langu la saba, nilidhani najua kinachouharibu. Kelele. Na kelele za nyumba ile ninayoishi ni za binti yangu, tunayemwita Tarumbeta. Akiunguza sufuria, mtaa wa pili wanajua kilichokuwemo. Mwenye duka akimpunja sukari, binti anamgombeza palepale, anarudi, analia kidogo, anampigia dada yake simu, wanacheka, anakula sahani mbili, kisha anakoroma pembeni yangu kama hakuna kilichotokea.

Mumewe je? Ah, mkwe wangu! Fundi wa sare za shule, kwenye karakana ya vyerehani kumi na viwili. Jina lake mtaani ni Hakuna Shida. Msimamizi akikosea kipimo mwenyewe, kisha akamwagiza yeye afumue kola thelathini, anasema "Hakuna shida," anafumua. Nami nikimwambia asogeze kabati, halafu alirudishe lilipokuwa, "Hakuna shida, mama." Na tabasamu juu. Usiku tu ndio husaga meno, namsikia huko sebuleni aliko. Nikasema ni minyoo.

"Mwanangu, iga kwa mumeo," nilimwambia Tarumbeta kila siku. "Utakufa kwa presha utuache."

"Haya, twende nikapimwe!" akanifokea siku moja. "Labda utanyamaza."

Jumamosi asubuhi tukaenda zahanati, sisi watatu. Mkwe alikuja kunibebea mkoba.

Nesi akamfunga Tarumbeta kile kitambaa mkononi, akabonyeza kampira, fyuu, fyuu. "Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Safi kabisa, dada."

"Pima tena," nikasema. "Humjui huyo. Leo ameamka anagombana na bomba."

Akapima. Yaleyale.

"Basi kipimo chako kibovu, mwanangu. Kijaribu kwa huyu mtulivu, utaona."

Nesi akampima Hakuna Shida. Akakunja uso. Akambadilisha mkono, akamkalisha kimya kwa muda, akapima upya.

"Mia moja tisini na mbili kwa mia moja kumi na nne."

"Si nilisema? Kibovu!" Nilishangilia kama nimeshinda mbuzi.

"Kipimo kizima, mama. Kaka, kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu. Hakuna shida."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana!" Tarumbeta alilia mpaka foleni nzima ikageuka. "Na mimi nalala fofofo!"

"Chumvi?" nesi akauliza.

"Anaimwaga kama anasindika samaki," nikasema.

"Sigara?"

"Huyu? Havuti kamwe!" nikajibu. Mkwe akatazama viatu vyake.

"Tano kwa siku," akasema. "Nyuma ya karakana. Nikikasirika."

"Kumbe huwa unakasirika!" nikasema, na nesi akanitazama kwa jicho nisilolipenda.

"Presha ina sababu nyingi," akasema, "na kufoka nako si dawa. Lakini dada huyu kero ikimjia anaisema, inamtoka, analala. Wewe unaimeza, halafu unaishushia na moshi. Daktari atakuona sasa hivi, na dawa utapewa. Ila ukiendelea hivi, watakuokota juu ya cherehani. Niambie ukweli: nani anakuudhi ukanyamaza?"

"Hakuna..."

"Thubutu umalizie!" Tarumbeta akamkata.

Mkwe akaukumbatia mkoba wangu. Nikaona mshipa wa shingo unavyompiga, nikaogopa kweli. Huyu akianguka, binti yangu atabaki na nani? Nikaamua kumsaidia.

"Sema, baba. Ni yule msimamizi, eti? Jumatatu namfuata mwenyewe."

"Msimamizi saa kumi naachana naye, mama."

"Basi ni huyu mkeo na mdomo wake. Sema, mimi sitamtetea."

"Hapana. Huyu akimaliza, amemaliza."

Nikatazama dari, nikawapitia watu wa nyumba ile mmoja mmoja nione aliyebaki. Tarumbeta akaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Nesi akaweka kalamu mezani, akangoja.

Mkwe alininyooshea mkoba wangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Ni wewe, mama," akasema. "Ulikuja kwa wiki mbili. Mwaka wa pili huu nalala kwenye kochi."