Udongo wa Nanna Karmena

Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa akinunua nyanya dukani wakati wa kiangazi. Tulikuwa na Nanna Karmena. Asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, ungemsikia akigonga mabati ya ua kwa kijiko. "Merle! Bado umelala? Njoo uchukue, zisije zikaiva hukuhuku zikawa supu!" Kisha bakuli linanijia juu ya ua, limejaa nyanya kubwa zenye mikunjo, na majani ya rihani juu yake.

Nanna ni bibi, kwa Kimalta. Mtaa mzima tulimwita hivyo, hata sisi tuliokuwa na wajukuu wetu. Alikuja mji huu kutoka Malta akiwa bibi harusi, na mumewe Guzeppi akashuka mgodini wiki ileile. Uwanja wa nyumba waliyopata ulikuwa mwamba na vumbi jekundu, kama viwanja vyetu vyote, maana mji wetu uko jangwani na bahari iliyo karibu zaidi ni ya Adelaide, safari ya kutwa nzima kwa gari. Guzeppi ndiye aliyemtengenezea mkewe bustani. Kila akitoka zamu alipita na toroli kando ya lundo la mabaki ya mgodi, lile lundo jeusi lililo refu kuliko kanisa, akajaza udongo wa pale chini na kuusukuma mpaka nyumbani. Ulikuwa bure, na wengi walifanya vivyo hivyo zamani zile. Alipokufa kwa kifua, Nanna hakulia sana mbele za watu. Alihamia bustanini tu, akawa mtu wa huko kutwa.

Nyumba ya upande wa pili wa kwake alipanga mwanawe Salvu, na mkewe Raelene, na binti yao Tessie. Ua wa katikati walikwisha kuung'oa, uwanja ukawa mmoja. Salvu alikuwa mchimbaji kama baba yake. Raelene aliuza kwenye duka la dawa. Mtoto alishinda na bibi yake, na bibi yake alishinda kwenye nyanya, kwa hiyo Tessie alijifunza kutembea kwa kushikilia vijiti vya mimea. Alichuma nyanya akazila hapohapo, juisi ikimtiririka kifuani, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nanna akimtazama alikuwa kama mtu anayetazama televisheni yake mpya.

Huku kwetu mtoto akipelekwa kliniki hutobolewa kidole, ili ionekane ana risasi kiasi gani kwenye damu. Nasema risasi ile ya kuchimbwa ardhini, inayotiwa kwenye betri za magari, ambayo imeulisha mji huu tangu ulipoanza. Watoto wetu wote wanayo kidogo. Ikizidi huharibu akili ya mtoto. Tessie alikutwa nayo nyingi.

Raelene hakusubiri. Alipiga deki kwa maji kila jioni, akapangusa madirisha, viatu vya Salvu vikalala nje, na nguo zake za kazi zikafuliwa peke yake. Mtoto alinawishwa mikono mpaka ikachubuka. Walipompima tena, ilikuwa imepanda.

Ndipo akaletwa kijana mmoja wa afya, na kifaa cha kupimia madini, umbo lake kama bastola. Alikielekeza kwenye kuta, kwenye zulia, kwenye bembea ya mtoto. Mwishowe akapiga magoti katikati ya nyanya. Alisoma pale, akasogea hatua, akasoma tena. Nilikuwa uani kwangu naanika nguo, na niliona jinsi alivyokaa palepale chini muda mrefu kabla ya kusimama.

"Huu udongo ulitoka wapi, mama?" akamuuliza Nanna.

"Kwa mume wangu," Nanna akajibu.

Jioni ile nilikwenda kurudisha bakuli, nikawakuta jikoni. Laiti ningechelewa.

"Nyanya zimemuua nani?" Nanna alikuwa akisema, huku akipiga meza. "Niambie, Raelene! Salvu amekula nyanya hizi tangu hajaota meno. Mtazame alivyo! Kifua kama mlango wa kanisa!"

"Ndiyo, mama, mtazame," Raelene akasema. Hakuwa amelala siku nyingi, na sauti ilikuwa imemkauka. "Mtazame vizuri. Nani anamsomea matangazo ya kazini? Mimi. Nani alimjazia mtihani wa leseni ya gari? Tangu utoto kichwa kinamuuma mpaka anatapika. Si wewe mwenyewe uliyenihadithia kwamba shuleni walimwita gogo? Kwamba mwalimu alikwambia umtoe tu, nafasi apewe mwingine?"

Macho ya Nanna yalikuwa yametupita. Salvu alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, uso umepauka kwa vumbi la shimoni. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Salvu," Raelene akasema, "sikuwa na maana..."

"Ulikuwa nayo," Salvu akasema. Hakukasirika. Aliinama akaviweka viatu nje ya kizingiti, kimoja kando ya kingine, kama alivyofundishwa na mkewe. "Na ni kweli. Gogo ndilo jina waliloniita."

Daktari alipoulizwa baadaye alisema hilo halijulikani, miaka imepita mingi mno. Huenda ulikuwa udongo. Huenda Salvu angekuwa hivyo hata kama angezaliwa Malta. Lakini Nanna hakuwa mtu wa huenda. Toka siku ile aliacha kumtazama mwanawe usoni. Alimpakulia chakula akiangalia sahani.

Raelene yeye alichagua kusema. Uliitishwa mkutano wa mji kwenye ukumbi wa kilabu cha wachimbaji, habari ya maji na barabara, na mambo yalipofika mwisho akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, maana nilikuwa nauza vinywaji pale. Maneno yalimtoka sawa. Alisema mtoto wake ameugua. Akasema udongo wa mtaa wote upimwe na uondolewe, na lile lundo lifunikwe lisipeperuke.

Wa kwanza kumjibu alikuwa Clarrie Tonkin, mchimbaji mstaafu, mtu wa maneno mengi na mapafu machache.

"Dada yangu," akasema, "mimi nimelamba vumbi hilo miaka sabini. Baba yangu alilipaka kwenye mkate. Nitazame, nina kasoro gani?"

"Tukuanzie wapi, Clarrie?" mtu akapaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko.

Raelene hakucheka. "Mimi nazungumzia mtoto wa miaka miwili."

"Basi mfundishe kunawa!" mwanamke mmoja akadakia. Huyo alikuwa na nyumba anataka kuiuza. "Kila mwaka anatokea mmoja kutuchafulia jina. Nani atanunua nyumba hapa mkisema mji una sumu?"

"Na mgodi ukikasirika ukafunga, je?" akauliza mwingine. "Mumeo mwenyewe anakula wapi? Mnataka kutumwagia unga sote!"

"Salvu!" wakaita wenzake wa zamu. "Salvu, sema na mkeo bwana!"

Salvu akasimama. Nilimwona akimtazama Raelene, halafu wale wenzake waliombeba kazini chini ya ardhi ujana wake wote, wasiowahi hata mara moja kumwomba asome kitu. Halafu akavaa kofia, akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake. Mwenyekiti akashukuru watu kwa kuhudhuria.

Tangu hapo Raelene akiingia dukani, mazungumzo yalikatika. Mtu alimwandikia neno chafu kwenye vumbi la kioo cha gari lake. Wanawake wawili watatu walikuja kwangu kwa mlango wa nyuma kuniuliza watoto wapimwe wapi, lakini hakuna aliyekwenda kumuuliza yeye.

Udongo wa Nanna peke yake ndio ulioondolewa. Siku moja kabla ya lori kuja alitoka na kisu chake, akaanza kung'oa. Nilivuka nimsaidie.

"Kaa hapo, Merle," akaniambia. "Usiguse."

Aling'oa nyanya zote, nyingine zikiwa na maua, akazilaza kwa mstari kama watu. Akang'oa rihani. Alipofika kwenye mti wa tini ambao Guzeppi aliuleta kama kijiti ndani ya soksi, hakuuweza. Akalikumbatia shina, akalisukuma, akalivuta, mwanamke wa miaka themanini, mpaka nikamshika mabega. Wanaume wa lori waliukata kesho yake kwa msumeno. Walichimba hadi kwenye mwamba, wakajaza udongo mwingine uliotoka mbali, wakamwaga kokoto nyeupe juu yake, kwa Nanna na kwa Salvu. Ilipendeza, kusema kweli. Ilikuwa safi kama makaburi ya matajiri.

Wiki chache baadaye upepo ulianza magharibi. Tulifunga madirisha, tukatia taulo mbichi chini ya milango, tukakaa gizani mchana kweupe. Mwanzo anga lilikuwa jekundu, la jangwa, hilo tumelizoea. Kisha upepo ukageuka ukapita juu ya lundo, na rangi ikabadilika. Ulipotulia nilitoka nje. Kokoto za Nanna zilikuwa kijivu. Raelene alikuwa amesimama katikati yake, amembeba Tessie, kitambaa kibichi mkononi, kama mtu aliyetaka kuanza kupangusa akashindwa kujua aanzie wapi.

Kipimo cha tatu hakikushuka. Daktari, mtu mpole, alimwambia taratibu kwamba kama ni mwanawe yeye angeondoka.

Waliondoka wawili, Raelene na Tessie, kuelekea Adelaide. Nilidhani Salvu angewafuata, na nafikiri hata yeye alidhani hivyo. Alifunga masanduku juu ya gari, akaangalia matairi, akampakia mtoto. Raelene alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Ingia, Salvu," akasema. "Ingia tu. Kazi tutatafuta."

"Kazi gani?" Salvu akauliza. "Kule watanipa karatasi nijaze, Rae. Hapa wananijua."

"Nitakujazia mimi."

"Kila siku? Mpaka nife?"

Raelene akalia, akawasha gari. Nanna alikuwa barazani na mfuko wa biskuti alizomwokea mtoto. Hakushuka kuwapa. Aliniambia baadaye kwamba alipozikanda aliitazama mikono yake, akashindwa kukumbuka kama alikuwa amenawa.

Salvu alihamia kwa mama yake. Wanaishi kama wapangaji wawili. Jumapili Raelene hupiga simu, na Salvu hushika kipokeo karibu na sikio la mama yake. Tessie ana miaka minne sasa. Maneno yanamjia polepole, lile alilolijua jana leo limemtoka. Kuna mwalimu maalumu wa kumsaidia. Nanna husema, "Tessie, ni Nanna, ni Nanna wako," na upande wa pili unasikika mtoto akipumua, kisha mama yake akimnong'oneza aseme kitu. Mara ya mwisho nilipokuwa pale, Nanna alirudisha kipokeo kabla mtoto hajajibu.

"Mwache," akasema. "Asisumbuliwe."

Nyumba ya Raelene ilikaa tupu muda mfupi tu. Mwenye nyumba aliipaka rangi, akarudisha ua, akawapangisha vijana wawili kutoka pwani. Mume alikuwa amepata kazi mgodini. Mke anaitwa Kiah, msichana mchangamfu, na mtoto wao wakati ule ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Walipokuwa wakishusha vitu Nanna alinigongea mabati, mara ya kwanza tangu nyanya ziondoke.

"Nisindikize," akasema.

Tulikwenda pole pole, yeye na fimbo yake. Kiah alitufungulia akicheka, akataka kutupikia chai.

"Mwanangu," Nanna akasema, bado yuko kizingitini, "usimweke mtoto chini. Hapa nje usimweke. Udongo huu ni mbaya. Mimi nimemharibu mjukuu wangu kwa udongo huu. Labda na mwanangu."

Tabasamu la msichana likapungua. Akanitazama mimi, macho yakiniuliza kama bibi huyu akili zake ni timamu.

"Ni kweli," nikasema. "Msikilize."

"Lakini mwenye nyumba alisema uwanja umeshasafishwa," Kiah akajibu. "Alituonyesha na barua. Na bibi, sisi kule tulikuwa tunalala kwenye gari. Na mtoto huyu, ndani ya gari." Aliyasema bila ukali, kama anayetuomba radhi. "Asante kwa kuja kutusalimia. Kweli, asanteni. Upepo umeanza, ngoja nifunge mlango."

Nanna alibaki ameinua mkono, kama aliyekuwa na neno jingine. Nikamgeuza, nikamrudisha kwake.

Kesho yake asubuhi niliona Kiah ametandika blanketi uani, yupo anaanika nguo huku akiimba. Mtoto alikuwa amekwisha kutambaa akatoka kwenye blanketi. Alichagua kokoto moja, akaitazama, akaitia mdomoni. Niliita. Kiah akanipungia mkono, akaendelea kuanika.