Homa ya Kuficha

Mama yetu hakuwa na muda wa kuuguza mara mbili. Nilipopata tetekuwanga, alimchukua dada yangu, mzima wa afya, akamlaza kitanda kimoja na mimi. "Ugueni pamoja, mmalizane nayo," akasema, akaenda zake kazini. Haukupita muda dada naye akatoka vipele, tukawa tunakunana migongo na kucheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mafua, surua, macho mekundu, vyote tuligawana kama mkate. Jamani, raha ile! Siku hizi nikiikumbuka naumia kifuani.

Sasa dada ana saratani ya titi, na mimi ndiye ninayemuuguza, nyumba ile ile ya mama. Daktari alituketisha akatueleza polepole. Dawa ya dripu inaua chochote kinachokua haraka, wala haichagui. Inaua saratani, inang'oa nywele, inaingia mpaka kwenye uboho wa mifupa, kule chembe nyeupe za damu zinakotengenezwa. Na hizo chembe ndizo askari wa mwili.

"Baada ya kila dripu kuna siku askari wanakuwa wachache mno," akasema. "Homa ikipanda siku hizo, msingoje, msimpe cha kuituliza. Mleteni hapo hapo. Mkichelewa anaweza kufa."

Dada akacheka. "Yaani askari wangu wote wako likizo!" Mimi sikucheka.

Nikawa mlinzi wa mlangoni, sina simile na mtu. Shangazi alikuja na maua, nikamrudisha yeye na maua yake. Amenuna mpaka leo, na anune. Barakoa nilivaa hata nikipika, mikono nilinawa mpaka ikachanika. Kila asubuhi na jioni nilimwekea dada kipimajoto chini ya ulimi.

Asubuhi moja nikakisoma mara mbili. Thelathini na nne.

"Dada, hili ni joto la maiti."

"Si afadhali? Nimepoa," akasema, macho kwenye kidole gumba cha mguu.

Hapo nikamjua. Enzi za shule, siku ya mtihani wa hesabu, alikuwa anasukutua chai ya moto kabla ya kupimwa. Siku moja kipimajoto kilipanda hadi mama akauliza kama anapima mtoto au birika. Nikainama, nikachungulia chini ya kitanda. Bakuli la barafu, nusu imeshayeyuka. Nikamshika shingo. Moto!

"Una wazimu wewe?" nikafoka. "Umemsikia daktari kwa masikio yako!"

"Mama aliingia wodi ile kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka," akasema. "Mimi sirudi kule. Kama ni kufa, nife hapa hapa, nikiwa na wewe."

Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili vimekatazwa.

"Mimi sitaki ufe popote," nikasema, machozi yakilowesha barakoa. "Nakupenda, mjinga wewe. Hebu vaa viatu."

Akavaa.

Hospitalini walimpima damu, chembe nyeupe zilikuwa karibu kwisha. Wakamtundikia antibiotiki hata kabla ya majibu mengine kutoka, wakamweka chumba cha peke yake. Nikashika kitasa nimfuate, na papo hapo nikapiga chafya. Nesi akanigeukia.

"Wewe huingii."

"Ni vumbi tu, nesi."

"Hata iwe pilipili. Huingii."

Nikaachia kitasa. Alikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu, kumkaribia dada yangu kungeweza kumuua.

Nikakaa kwenye benchi la korido, nikampigia simu.

"Uko wapi?" akauliza dada.

"Nje ya mlango. Nimepiga chafya, wamenifukuza."

"Nilijua tu nitabaki peke yangu."

"Nani kakwambia? Weka simu kwenye mto, unisikilize."

Nikaanza kuongea. Nikamkumbusha pazia jipya la mama tulilolikata tushone magauni. Nikamkumbusha mchumba wake wa kwanza, aliyekuja kujitambulisha na viatu visivyofanana, kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Wapita njia walinitazama kama nimerukwa na akili.

"Pazia lilikuwa la bluu, siyo kijani," akanisahihisha. "Na viatu vyote vilikuwa vya kushoto." Akacheka, akakohoa. Nikaendelea. Nilipomuuliza jina la utani la yule mchumba, hakujibu. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa nguvu. Nikauvamia mlango kwa ngumi.

Nesi akaichukua simu huko ndani. "Wewe dada, acha fujo! Amelala. Homa imeanza kushuka." "Niikate?"

"Thubutu! Irudishe hapo hapo kwenye mto."

Akairudisha. Nami nikanyamaza kwa mara ya kwanza siku ile, nikamsikiliza anavyopumua.