Sigara ya Kupatana

Baba aliitunza ile sigara nene ya Kuba miaka yote kwenye kisanduku chenye unyevu, ikomae, aje aivute na baba mkubwa siku watakayopatana. Leo kaka mtu kaja, nyumba imejaa mpaka mlangoni. Baba akamwashia sigara; baba mkubwa akavuta mara moja tu, akakunja uso.

"Mdogo wangu, umeniwekea sumu?"

Shangazi akajishika mdomo. "Jamani, mimi nilitia naftalini tu humo kisandukuni, wadudu wasiile, kama nguo zangu za kabatini!"

"Nyie mmenipangia njama," akasema baba mkubwa, akitafuta viatu vyake.

 Baba aliichukua sigara, akaivuta kwa nguvu, akikohoa, machozi yakimtoka, akavuta tena.

"Acha, wewe, itakuua!" akafoka kaka yake, kiatu kimoja mkononi.