Michezo Isiyo na Maneno Mengi

4.

TANGAZO

Kikundi cha Maonyesho cha Pazia Jeusi, Tabora, kinawaarifu wanachama wote kuwa kikao cha kupokea pendekezo la mchezo mpya kitafanyika Jumamosi alasiri, ukumbini. Mpendekezaji ni yuleyule, Bi. Nyamizi Kasanda. Wanachama waje na viti vyao.

1.

Tuanze na mumewe, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Enzi zake Mzee Kasanda alikuwa akisimama jukwaani watu wakasahau kutafuna karanga zao. Kisha akaanza kusahau yeye. Kwanza majina ya majirani, halafu maneno ya mchezo.

Nyamizi aliligundua hilo kabla ya wote, akafunga mdomo. Kazi yake kikundini ilikuwa kusoma michezo mipya ya waandishi wa leo na kupendekeza mmoja kwa kila msimu. Alijua kwamba siku mzee atakaposhushwa jukwaani, hatabakiwa na kitu cha kumwamsha asubuhi.

Basi akawa anachagua.

2.

Mapendekezo ya Bi. Nyamizi, kama yalivyobandikwa ukutani msimu baada ya msimu:

BUBU WA MTAA WA PILI. Mchezo wa kina. Mhusika mkuu, mzee, hasemi. Unapendekezwa sana.

MGONJWA. Mzee amelala kitandani tangu pazia linapofunguliwa. Anakohoa mara kadhaa. Unapendekezwa.

MAITI HAINA HARAKA. Mzee ni

Unapendekezwa.

3.

Yaliyosikika kwenye chai, nyuma ya ukumbi:

— Mwaka huu sijui tutaigiza kaburi.

— Watu wanaondoka kabla ya mapumziko.

— Nani atamwambia Bi. Nyamizi?



5.

Ndipo Anyisile akaleta mchezo wake. Binti wa Tukuyu, mwandishi mpya, mwembamba, mwenye haya. Mchezo ulihusu mzee anayetetea nyumba yake mbele ya maofisa waliokuja kuibomoa. Mzee huyo anasema mwanzo mpaka mwisho. Anabishana, anachekesha, anaapa, anamlilia mkewe aliyekufa.

Nyamizi aliusoma jikoni mpaka maharage yakashika chini. Alilia. Alilia kwa uzuri wa mchezo, akalilia pia wingi wa maneno yake.

Anyisile alikuwa amemwambia kwa adabu zote, "Shikamoo, mama. Nimeuandika nikimfikiria Mzee Kasanda. Nilimwona nikiwa mdogo. Sijawahi kumsahau."

6.

Nyamizi alimjaribu mumewe nyumbani, kwa ukurasa mmoja tu.

"Nyumba hii niliijenga," alisema Nyamizi.

"Nyumba hii niliijenga," alisema mzee, na sauti ikawa ileile ya zamani, nyumba nzima ikajaa.

"Kwa mikono hii na ya marehemu mke wangu."

"Kwa



Mzee akaitazama mikono yake. Kisha akauliza kama chai ipo.

7.

Wewe unayesoma, usikimbilie kusema ungefanya nini. Mchezo mbovu ungempa mzee msimu mmoja zaidi. Mchezo mzuri ungekiokoa kikundi, na kumvunja yeye mbele ya watu, au kumwacha kitini. Nyamizi alilala na hayo, akaamka nayo.

8.

KANUNI ZA KIKUNDI, kifungu cha kupokea mchezo

Anayependekeza mchezo atausoma wote kwa sauti, peke yake, sehemu zote. Akimaliza atapita mbele ya waigizaji na kuweka nakala kwenye mapaja ya kila aliyemchagua. Nakala iliyokaa pajani hairudishwi, na haiombwi.

9.

Jumamosi alasiri akasoma. Alisoma maofisa, alisoma mzee, alisoma kilio chake kwa marehemu mke. Ukumbi ukatulia tuli. Anyisile alikuwa amejiinamia nyuma kabisa, hataki kuonekana.

Kisha Nyamizi akapita.

Mzee Kasanda alikuwa amevaa koti lake la maonyesho. Alikuwa ameketi wima, kofia ameivua, mapaja ameyaweka sawa, anasubiri. Nyamizi akafika mbele yake. Nakala ilikuwa mkononi, na jirani na mumewe alikaa Maganga, mwigizaji wa kawaida tu lakini mwenye kumbukumbu.

Akaiweka.

Pajani.

Kwa Maganga.

Nyamizi akashindwa kumtazama mumewe, akaitazama kofia.

10.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mzee Kasanda. Alipiga kwa moyo wote, mpaka wengine wakafuata kwa aibu. Watu walipoanza kukunja viti, akamwita Nyamizi kwa mkono, akamsogezea kiti cha Maganga.

"Mama, umesoma vizuri mno," alisema, kwa heshima anayopewa mgeni. "Sijapata jina lako."



"Siku moja uje kwetu," mzee aliendelea, "uonane na mke wangu. Na yeye huchagua michezo. Ana jicho, yule mwanamke." Akaigeuzageuza kofia. "Ila siku hizi mimi hunipa sehemu za kunyamaza tu. Sijamuuliza. Sijui nilimkosea nini."

Nyamizi akakishika kile kiti, akaketi, akamwambia kwamba