Mahali Patulivu

Justa wa Masuguru aliifuta meza, akatandika kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, akapanga msalaba, Biblia, mshumaa na sanamu ya Bikira Maria. Jumamosi jumuiya ingesali kwake, na Justa hakutaka kusemwa. Katekista alishamwambia kwamba altare ya nyumbani haitaki makubwa, inataka mahali patulivu tu. Sebuleni kulikuwa na televisheni, na televisheni haihamishwi ovyo. Basi akahamishwa chumbani mwake mama mkwe, Bibi Hamisa, akapelekwa stoo kwenye magunia ya mahindi. Godoro alilibeba Dunstan, mume wa Justa, mwana wa Bibi Hamisa wa kumzaa. Mwanamume mzima!

Asubuhi sanamu haikuwapo mezani. Ilikuwa stoo, imekaa juu ya gunia, miguu ina vumbi la uani, imefunikwa kanga. Bibi Hamisa, Mwislamu asiyekosa swala, alieleza kwamba Bibi Mariamu alibisha hodi wakati wa adhana, na mgeni haachwi kwenye baridi.

Justa aliirudisha. Kesho yake ikarudi stoo. Siku ya tatu akafunga mlango kwa kufuli, sanamu ikatokea dirishani na kuvunja kioo. Hicho kioo ndicho kilichomuudhi.

Jumamosi wanajumuiya walizikagua nyayo ndogo uani, wakakubaliana kwamba ni za Bikira Maria. Mwenyekiti wao, Mzee Matayo, akasema jambo liko wazi: Mama ameonyesha anapopapenda, na stoo ndiyo iwe mahali pa sala.

“Hakuja kuangalia stoo, baba,” alisema Bibi Hamisa. “Kaja kuniangalia mimi.”

Walimsikia vizuri. Lakini rozari ilikuwa imeshaanza, na rozari haikatizwi.

Wiki hiyo stoo ikapakwa chokaa na kutundikwa pazia la bluu. Bibi Hamisa akahamishiwa jiko la uani, alale kando ya mafiga. Aliyeona aibu ni kuku.

Jumapili, Justa na mumewe waliporudi kanisani, walimkuta Bikira Maria jikoni kwenye kigoda, joho lina masizi, anachambua mchicha na Bibi Hamisa. Justa alisimama mlangoni, akayatazama madirisha, akasema jiko nalo lina utulivu wake.

Dunstan alileta futi. Alipomaliza kupima kuta, akaenda kupima godoro la mama yake, aone kama litaenea kwenye banda la kuku.