Kibuyu cha Njahi

Mume wangu Kipkemoi si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu katika habari hii atafanya mambo yatakayokufanya utake kumzaba kofi, na mimi mwenyewe nilikaribia. Ni mtu mzuri aliyehudhuria semina.

Semina yenyewe ilikuwa ya wafanyabiashara wadogo, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa mtaa wa Section 58. Mwalimu alitoka Nairobi na viatu vyake vilivyochongoka mbele. Aliwaambia waende wakazitazame biashara zao kwa jicho la mgeni, na kila kinachokula pesa na muda bila sababu wakikate. Kipkemoi akarudi na hilo jicho la mgeni, akalitembeza hotelini kwetu kutoka mlangoni hadi jikoni, na likatua juu ya vibuyu vya mama yake.

Tuna hoteli ndogo ya maziwa kule mtaa wa Free Area. Tunauza chai, mandazi na mayai kama kila mtu, lakini kilichokuwa kikiwaleta watu ni mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa ndani ya kibuyu. Hoteli ilianzishwa na mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani nyanya. Mimi ni Mkikuyu wa Njoro, na kabla ya kuolewa sikuwa nimeona maziwa ya rangi ya kijivu. Siku ya kwanza Gogo aliponimiminia glasi, nilidhani kuna mtu ameangusha majivu ndani, nikaziba pua. Gogo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Kumbe ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Kibuyu huoshwa kwa maji moto, kikakauka, kisha kikasuguliwa ndani kwa kijiti kinachowaka cha senetwet, mti fulani wa maua ya njano, mpaka kiwe cheusi na kinukie moshi. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa ndani, kibuyu kikafungwa na kuachwa kimya siku kadhaa. Ni kazi ya kutoa machozi, kila kibuyu, kila mara.

Gogo alipokuwa anatuaga alimwachia Kipkemoi hoteli na vibuyu vyake vyote, na akamwomba jambo moja tu, kwamba mlango ule usifungwe. Kipkemoi aliahidi mbele ya ndugu zake wote. Ahadi hiyo anaibeba mpaka kitandani. Maziwa yakipanda bei anageuka huku, umeme ukipanda anageuka kule, na mimi silali.

"Mama Shiru, hebu ona," akaniambia baada ya semina. "Kuosha, kukausha, kuchoma, kusugua. Hizo kuni za senetwet mpaka zitoke Rongai. Na kibuyu kikianguka, kwisha. Sasa ndoo ya plastiki haivunjiki, inaingia maziwa mob, unaosha na sabuni, basi."

"Na ladha?"

"Ladha ni ya maziwa. Watu wa town hawajui difference."

"Mimi najua, na hata si Mkalenjin."

"Wewe? Si wewe ndio ulikuwa unaziba pua?"

Hapo alinipata.

Akanunua ndoo kubwa nyeupe zenye vifuniko. Ili rangi ifanane, alisaga makaa ya kawaida, haya haya ya jikoni, akayachekecha na kuyakoroga ndani. Vibuyu vya Gogo akamuuzia Odero, mtu wa vinyago mwenye kibanda kando ya barabara ya Naivasha, pale watalii wanaposimama kupiga picha za bonde. Alivipakia vyote kwenye gari la rafiki yake huku akipiga mluzi.

Vyote isipokuwa kimoja. Kibuyu kikubwa kuliko vyote, kile kilichopasuka mdomo zamani na Gogo akakishona kwa uzi wa ngozi na kukipamba kwa shanga, kilikuwa kwenye kabati la jikoni kwangu nyumbani, kimejaa njahi, zile mbegu nyeusi za Kikuyu zinazofanana na maharagwe. Usinipe sifa nisizostahili. Sikukificha kwa busara yoyote. Nilikichukua baada ya matanga kwa sababu wadudu hawakiingii, na wakati ule Kipkemoi alinifokea. "Kibuyu cha mamangu unakitia maharagwe?" Nikamwambia si maharagwe, ni njahi, chakula cha mama aliyejifungua, na kama ana neno akamuulize mama aliyemzaa. Hakukigusa tena.

Wateja wetu wana adabu mbaya sana, ile adabu ya kutokwambia kitu. Walionja mursik ya ndoo, wakaweka glasi chini taratibu, wakaagiza chai. Baadaye wakaacha hata chai. Na aliyekuja kwa mursik ndiye pia aliyekula mandazi mawili na mayai na kununua soda ya kumpelekea mtoto, kwa hiyo walipoondoka waliondoka na vyote hivyo. Kipkemoi akapunguza bei. Akatia sukari. Akanunua friji kwa mkopo, akaandikisha bango jipya lenye picha ya ng'ombe anayecheka. Zile hela alizookoa kwenye kuni zilikwisha zamani, sasa zilikuwa zinatoka zetu za karo. Maziwa yaliyobaki tulimwaga nyuma, na mbwa wa pale wakanenepa ajabu. Niliwachukia mbwa wale.

Asubuhi moja akaja Mzee Kiprugut. Huyu alikuwa mteja wa Gogo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na tulikuwa hatujamwona tangu aonje ile ya ndoo. Hakuketi.

"Kipkemoi, binti yangu Jebet anafanyiwa koito mwisho wa mwezi," alisema. Koito ni ile siku wazee wa pande mbili wanakaa kukubaliana mahari. "Marehemu mke wangu na mamako walipatana kitambo, ya kwamba mursik ya hiyo siku itatoka hapa. Mimi sijui mnafanya nini siku hizi na sitaki kujua. Nataka ile ya Gogo. Kama haiko, sema saa hii nitafute kwingine, na hakuna ubaya. Lakini ukinipea hii ingine mbele ya wakwe zangu, hapa hakuna mtu wetu atakanyaga tena."

Ningekuwa mimi ningesema haiko. Kipkemoi akasema, "Iko, mzee."

Mzee alipotoka, mume wangu aliketi juu ya kreti ya soda, uso umemshuka. Alijua, nami nilijua, kwamba watu wa Mzee Kiprugut ndio wateja wachache tuliobaki nao. Wakienda hao, mlango wa Gogo unafungwa.

Tukapanda mpaka kwa Odero siku hiyo hiyo. Kipkemoi alikuwa tayari kuvinunua tena kwa bei yoyote, na bei ilikuwa kubwa kweli, maana vibuyu havikuwa tena vile alivyouza. Odero alikuwa amevifanyia kazi ya mikono safi. Kimoja kilikuwa na twiga wawili, kingine kina heroe wa ziwani, kingine kimeandikwa KARIBU KENYA kwa rangi ya bendera. Na vyote vilimetameta, nje na ndani.

"Ni vanishi, boss," Odero alisema kwa fahari. "Nimepaka mpaka ndani, ndio visiliwe na dudu."

Kipkemoi alichukua kile cha twiga, akatia pua kwenye mdomo wake, na akakaa hivyo. Niliona mabega yake yakitikisika. Harufu ya moshi wa mama yake ilikuwa imekwisha, hakuna maji moto wala moto wowote ungeirudisha. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia njiani tukirudi. Yote yalinitoka, nikamshika mkono.

Odero alihuzunika kwa dhati. "Pole, boss. Ungeniambia mapema. Mimi nilidhani unaniuzia mapambo tu."

"Hata mimi," Kipkemoi akasema.

Akanunua kile cha twiga hata hivyo, sijui kwa nini, na sikumuuliza. Vibuyu vipya sokoni vipo, lakini kibuyu kipya kina uchungu wake na huchukua muda mrefu kukizoesha maziwa, na sisi muda hatukuwa nao. Tulifika nyumbani jioni. Shiru, binti yetu, alikuwa na njaa, kwa hiyo nikafungua kabati nipime njahi za kuloweka.

"Wangare."

Jina langu hulitaja tu mambo yakiwa mazito. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni akitazama kilichokuwa mkononi mwangu.

"Hizo njahi zako," alisema polepole, "zina mahali pengine pa kukaa?"

"Ah! Leo umejua ni njahi, si maharagwe."

Akacheka, na kilio kilikuwa bado hakijamtoka vizuri. Koito haihitaji mapipa ya maziwa. Wazee hupokezana, kila mmoja akanywa kidogo, wageni wengine wakapewa soda na chai. Kibuyu kimoja kikubwa kingetosha.

Kuni tulizifuata Rongai sisi wenyewe, kwenye shamba la kaka wa mume wangu. Kipkemoi hakutaka msaada wangu. Aliosha kibuyu, akakianika, akawasha senetwet nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda akisugua na kukohoa kama alivyokuwa akifanya Gogo, macho mekundu. Maziwa ya kwanza yalitoka na ladha ya njahi. Nasema kweli, yalikuwa na ladha ya njahi kabisa, hata mimi nilicheka vibaya. Yeye hakucheka. Alimwaga, akachemsha maji, akaanza upya. Ya pili yalikuwa afadhali. Ya tatu hakunionjesha, alikifunga kibuyu na kusema hiyo ndiyo itakwenda, iwe iwavyo.

Siku ya koito tulikipeleka wenyewe. Boma la Mzee Kiprugut lilikuwa limejaa, Jebet ndani na shangazi zake, wazee wa pande mbili wakitazamana chini ya hema. Kipkemoi alikitikisa kibuyu, akamimina. Nilikuwa nimesimama na akina mama nikimwomba Mungu kuhusu njahi. Mzee wa upande wa bwana harusi akapokea, akanusa, akanywa. Kisha, badala ya kumpisha mwenzake, akarudisha kikombe kiongezwe.

Mzee Kiprugut alikunywa mwisho. Alifumba macho kidogo.

"Hii ni ya Gogo," alisema.

Mume wangu angeliacha hapo, siku ingekwisha vizuri. Lakini Kipkemoi, nilikwambia ni mtu mzuri. "Kibuyu ndicho cha Gogo, mzee," akasema. "Mursik ni yangu. Na ni kibuyu kimoja tu kimebaki. Zingine niliuza. Huko Naivasha zikachorwa twiga."

Wazee wote wakageuka kumtazama. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu yule mzee wa upande wa pili akauliza, "Twiga?" na Kipkemoi akasema, "Wawili. Na vanishi ndani." Mzee akaanza kucheka, mwenzake akadakia, na ikawa kicheko cha kufutana machozi. Hata Mzee Kiprugut alicheka, akitikisa kichwa kwa huzuni.

Wiki iliyofuata alikuja hotelini na kitu kimefungwa kwenye leso. Kilikuwa kibuyu cha marehemu mke wake.

"Nyumbani kimekaa bure tu," alisema. "Kibuyu kikikosa maziwa kinakauka kinapasuka. Weka hapa, ufanyie kazi. Lakini siku yangu ya kuja, mimi nakunywa ya hiki."

Sijui alikwenda kusema nini na kwa nani. Alikuja Winrose muuza mitumba na kibuyu cha nyanya yake, akaja fundi mmoja na viwili, akaja mwalimu ambaye hatukuwa tunamfahamu. Nyumba nyingi za huku mjini zina kibuyu juu ya kabati ambacho hakuna mwenye muda wa kukichoma. Leo rafu ya Gogo imejaa tena, kila kibuyu na mwenyewe, na kila mwenyewe huja kuangalia chake kinaendeleaje, akija hukaa, akikaa hula. Mkopo wa friji bado tunaulipa. Kipkemoi huamka kabla yangu kuwasha senetwet, na nguo zangu zote sasa zinanuka moshi, hata za kanisani. Kile cha twiga amekitundika juu ya kaunta. Mtu akiuliza ni cha nini, anamjibu kwamba hizo ndizo hela alizookoa kwenye kuni.

Juzi nilikuwa nachota njahi, yeye akiwa mezani anakunywa chai, akanitazama nikifungua kifuniko. Ndoo zile za plastiki sikukubali azitupe. Ni nzuri, sitasema uongo. Hazivunjiki, vinaingia vitu vingi, na mdudu hapiti.

"Si nilikuambia ndoo ni poa?" akasema.

Nikamwambia anyamaze anywe chai tukafungue mlango.