Niliyemtoa Kundini

Siku hizi nikiwa nashona hapa Walukuba, Jinja, simu kimya mezani, nalikumbuka kundi letu la Wasapu mpaka moyo unaniuma. Tulikuwa arobaini na wawili, wanawake ambao tulipozaliwa tuliitwa wavulana, wengine Jinja, wengine Mbale. Wallahi tulicheka! Mtu anatuma picha ya wigi jipya, mwenzake anamjibu, "Hizo nywele umemnyang'anya mbuzi wa nani?" Tukigombana tuligombana kweli, matusi ya nguoni, kisha mmoja anauliza kama wenzake wamekunywa chai. Admini nilikuwa mimi, Ruqaiya, na msinione hivi, nilikuwa mkali.

Mchana mmoja akaingia mgeni, Norah. Akaandika: "Jamani dada zangu, baba amenifukuza. Niko stendi ya Mbale na begi langu. Naomba pa kulala, hata siku mbili."

Kwa Kiswahili! Loo! Sisi kundini tuliandika Kiluganda na Kiingereza. Kiswahili kwetu Uganda ni cha kambini, cha mtu mwenye bunduki anayekuuliza unakwenda wapi. Kundi likawaka moto. "Afande, umepotea njia!" "Huyo anatafuta kujua tunaishi wapi." Namwase, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akaandika, "Ruqaiya, mtoe huyo kabla hatujalala selo."

Nami nikamtoa. Hapo ndipo ninapojichukia. Babu yangu Mnubi alikuwa askari, na nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha niliyokua nayo. Kundini nilikificha, nisije nikashukiwa. Nilijua fika kwamba lugha haimfanyi mtu polisi, na bado nikabonyeza.

Docus, msichana mpole wa Nkoma, hukohuko Mbale, aliyeandika kundini labda mara moja kwa mwezi, akanipigia.

"Dada, naenda stendi nikamwone."

"Una wazimu? Wakikukamata je?"

"Na kama ni kweli anayosema?"

Akakata simu. Kwa hofu nilishona mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja upande wa kulia.

Saa kumi na moja akapiga tena. Alimkuta Norah kwenye benchi, macho yamevimba. Walipanda boda hadi chumbani kwa Docus, na sasa mgeni anakula. "Baba yake ni polisi kweli," Docus akasema. "Norah amekulia kambini. Huyo baba ndiye aliyemfukuza."

Nililia, sisemi uongo. Nikamrudisha Norah kundini, nikatuma ujumbe wa sauti: "Norah, aliyekutoa ni mimi. Na nyie wengine, hiki mnachokisikia ndicho Kiswahili cha kwetu. Kama ni uafande, basi nitoeni na mimi."

Namwase akawa wa kwanza kujibu, Kiswahili cha kuokoteza: "Dada Norah, sisi naogopa tu. Samahani sana." Wengine wakafuata na pole zao. Mmoja akaahidi blanketi, mwingine sufuria.

Norah akaandika mstari mmoja: "Nimewasamehe, lakini hapa siwezi kukaa." Akatoka mwenyewe.

Ijumaa ya wiki iliyofuata akanipigia. "Dada Ruqaiya, huku Nkoma sina wa kuongea naye Kiswahili." Tukaongea mpaka chaji ikaisha, na Ijumaa iliyofuata tena.

Kisha sheria dhidi ya watu kama sisi ikawa kali, kila mtu akaanza kuiogopa simu yake mwenyewe, nikalifuta lile kundi kwa kidole hiki hiki. Namwase sijui hata yuko nchi gani. Anayenipigia mpaka leo kuniuliza kama nimekula ni yule niliyemtoa.